Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam: Kufundisha Umbali na Muda wa Safari

Miongoni mwa mada ambazo wanachuo wetu huziingia bila hofu wawapo katika mazoezi ya kufundisha, mojawapo ni ile ya umbali, muda na mwendokasi. Kanuni yake ni fupi, mifano yake imejaa vitabuni, na hesabu zake hazina mitego mikubwa: umbali ukigawanywa kwa muda hutoa mwendokasi, na mwendokasi ukizidishwa kwa muda huturudishia umbali. Mwalimu huandika kanuni ubaoni, hufanya mfano mmoja, hutoa mazoezi kumi, na kipindi huisha kwa amani. Sisi wakufunzi, ambao huketi nyuma ya darasa na fomu za tathmini mkononi, tumekwisha kushuhudia vipindi vingi vya namna hiyo, na si vichache vilivyopata alama nzuri.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba amani hiyo si ushahidi wa kujifunza. Mtoto aweza kupata hesabu zote kumi na bado asijue ndege itaondoka lini. Tutachukua safari moja tu, yaani safari ya kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, kwa kuwa kila mtoto wa Tanzania amesikia habari za miji hiyo hata kama hajaifikia, na kwa kuwa safari hiyo inabeba karibu mambo yote anayopaswa kuyajua mwalimu wa mada hii. Hoja yetu ni moja: kabla ya kukokotoa, mwanafunzi hana budi azoeshwe kuuliza maswali mawili, nayo ni "Umbali upi?" na "Saa ipi?"

1. Umbali upi?

Mwulize mwanachuo yeyote umbali wa kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, naye atakutajia tarakimu moja. Kwa kweli ziko tatu, na zote ni sahihi.

Ya kwanza ni ile ya mstari ulionyooka, ambayo ndiyo inayokaribia njia ya ndege. Chukua ramani ya Tanzania yenye skeli ya 1:5,000,000, ambapo sentimita 1 huwakilisha kilomita 50. Rula ikiwekwa kutoka mji mmoja hadi mwingine itaonyesha sentimita 17 hivi. Zidisha kwa 50, utapata kilomita 850. Wanafunzi wa darasa la 7, waliokwisha kujifunza kanuni ya Pythagoras, waweza kufika pale pale kwa njia nyingine. Kati ya miji hiyo kuna tofauti ya latitudo ya nyuzi 4.3 hivi na tofauti ya longitudo ya nyuzi 6.4 hivi. Kwa kuwa nchi yetu iko karibu na Ikweta, uzito wa kosa ni mdogo tukisema kwamba kila nyuzi moja, iwe ya latitudo au ya longitudo, ni kilomita 111. Basi tunapata pembetatu mraba yenye pande za kilomita 477 na kilomita 710, na upande wake mrefu unakuwa kilomita 855 hivi. Njia mbili tofauti zimeleta majibu yanayokaribiana. Hapo mwanafunzi huona kwa macho yake kwamba hisabati na jiografia si maadui, na kwamba jibu la kwanza laweza kupimwa kwa jibu la pili. Lakini mwalimu asisahau kuongeza kuwa huko mbali na Ikweta njia hii hupotosha, kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoelekea kwenye ncha za dunia.

Tarakimu ya pili ni ya barabara. Basi litokalo Mwanza hupita Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, na hadi kufika Dar es Salaam huwa limekwenda kilomita zipatazo 1,150. Ni kilomita 300 zaidi ya ndege. Mwanafunzi aulizwe: hizo 300 zimetoka wapi? Asijibiwe upesi. Aachwe afuatilie barabara kwa uzi juu ya ramani, aone jinsi inavyopinda kuifuata miji, aukate uzi ule, kisha aunyooshe juu ya rula. Uzi uliokuwa umejikunja ukinyooshwa, swali hujijibu lenyewe.

Tarakimu ya tatu ni ya reli ya zamani, nayo ndiyo yenye utajiri mkubwa kwa mwalimu. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni kilomita zipatazo 840, na kutoka Tabora hadi Mwanza ni 380 hivi. Jumla ni 1,220. Tazama jambo la ajabu: treni inapoingia Tabora imekwisha kutembea umbali ulio karibu sawa na wa ndege nzima ya Mwanza, ilhali bado ina kilomita 380 mbele yake. Sababu yake ni ya historia. Wajerumani walipoanza kuijenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, shabaha yao ilikuwa Ziwa Tanganyika, si Ziwa Viktoria. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilika baadaye, katika utawala wa Waingereza, mwaka 1928. Tabora iko karibu kusini kabisa mwa Mwanza. Kwa hiyo msafiri wa treni aendaye Mwanza huelekea magharibi kwanza, kisha hukata kona kwenda kaskazini, mithili ya mtu azungukaye pande mbili za uwanja badala ya kuukatiza. Mwalimu akiyaeleza hayo, mwanafunzi hatasema tena kwamba umbali ni namba iliyoshuka kutoka mbinguni. Ataelewa kwamba umbali anaousafiri binadamu umewekwa na milima, na mito, na maamuzi ya watu waliotutangulia.

2. Nusu saa iliyopotea

Sasa tuje kwenye muda. Ndege kubwa za injini za jeti zinazotumika katika safari hii zikiwa juu huenda kwa mwendokasi wa kilomita zipatazo 800 au zaidi kidogo kwa saa. Mwanafunzi hodari atagawanya 850 kwa 800 na kupata muda wa saa moja na dakika nne hivi. Lakini ratiba humwambia msafiri kwamba safari huchukua saa moja na nusu au pungufu yake kidogo. Je, nani mwongo: kanuni au ratiba?

Tuliwahi kuona mwanachuo mmoja akiulizwa swali hilo na mtoto wa kike wa darasa la 6, ambaye shangazi yake alikuwa amewahi kupanda ndege. Mwanachuo yule, kwa kuogopa kupoteza muda, alimjibu kwamba afuate kanuni ya ubaoni. Mtoto akaketi. Baada ya kipindi tulimwita mwanachuo pembeni, tukamweleza kwamba lile ndilo lililokuwa swali bora la siku nzima, na kwamba kesho yake ingefaa alianze somo kwa kumpongeza mwulizaji. Alifanya hivyo, na kipindi cha pili kilikuwa na uhai ambao cha kwanza hakikuwa nao.

Kanuni haikusema uongo wala ratiba haikusema uongo. Ndege haianzi kwa kilomita 800. Hutambaa kwanza ardhini kuifuata njia ya kurukia, hukimbia, hupaa polepole, hufika juu, kisha muda si mrefu huanza kushuka, hupunguza mwendo, huzunguka kuulenga uwanja, hutua, na hutambaa tena hadi mahali pa kuegesha. Katika safari fupi kama hii, sehemu ya kwenda kwa kasi kamili ni ndogo. Tukigawanya kilomita 850 kwa muda wa saa moja na nusu tunapata wastani wa kilomita 567 hivi kwa saa. Hapo ndipo neno "wastani" linapopata maana. Mwalimu aweza kulikaribisha neno hilo kwa kuwauliza watoto habari za baiskeli: mtu atokaye nyumbani kwenda mnadani hupanda kilima taratibu, huteremka kwa kasi, husimama kusalimiana na watu. Akifika, hakuna hata dakika moja aliyokwenda kwa ule mwendo wa wastani sawasawa, na hata hivyo wastani ndio unaotuambia atafika lini.

Kadhalika mwanafunzi aongozwe kuhesabu safari nzima, mlango kwa mlango. Chukua msafiri wa mjini Mwanza. Atatumia muda wa saa moja kwenda uwanjani, muda wa saa mbili kungoja na kukaguliwa, muda wa saa moja na nusu angani, nusu saa kutoka na mizigo, na pengine muda wa saa moja katika msongamano wa magari ya Dar es Salaam hadi afike Kariakoo. Jumla ni muda wa saa sita. Basi, likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, litatumia muda wa saa 19 na dakika 10 kwa kilomita 1,150. Ukilinganisha hewani na barabarani tu, ndege inaonekana kulishinda basi karibu mara 13. Ukilinganisha mlango kwa mlango, inalishinda zaidi kidogo ya mara tatu. Zote mbili ni hesabu sahihi. Ila moja inamsaidia msafiri na nyingine inamvutia tu.

Wanafunzi wakishika jambo hilo, waulizwe juu ya safari fupi zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kilomita 400 hivi kwa mstari ulionyooka, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme, katika reli iliyosanifiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, hubeba abiria kati ya miji hiyo. Hapo faida ya ndege hupungua sana, kwa kuwa muda wa kwenda uwanjani na wa kungoja haupungui hata kama safari imefupishwa. Wanafunzi wenyewe watafikia hitimisho hilo wakiachiwa karatasi na kalamu.

3. Saa ipi?

Tumefika sasa kwenye sehemu ambayo vitabu huipita mbio, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya.

Mwaka mmoja tulikuwa tukiwasimamia wanachuo katika shule moja ya kijijini, mwendo wa muda wa saa mbili kwa gari kutoka Mwanza mjini. Jirani na shule alikaa bibi mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya mgongo. Watoto wake waliokuwa Dar es Salaam walimpatia nafasi ya kufanyiwa upasuaji huko, na kwa kuwa daktari alikuwa amemkataza kukaa garini kutwa nzima, walichanga wakamkatia tiketi ya ndege. Habari za tiketi zilitumwa kwa simu ya mkononi. Nyumbani pale msomi alikuwa mjukuu wake, mvulana wa darasa la 6 ambaye walimu wote walimsifu kwa hesabu.

"Mjukuu wangu, hebu nisomee," bibi alimwambia. Mjukuu akasoma, akamjibu: "Bibi, ndege yako ni saa kumi na nusu. Bila shaka ni ya jioni, maana alfajiri hakuna gari la kutoka hapa kukufikisha uwanjani."

Siku ilipowadia, ndugu walimfikisha bibi uwanjani saa tisa kasorobo alasiri, wakijipongeza kwa kuwahi. Waliambiwa kwamba ndege ilikuwa imeondoka saa nne na nusu asubuhi, na kwamba ilikwisha kutua Dar es Salaam saa sita mchana. Tiketi ile ilikuwa ya bei nafuu na nauli haikurudishwa. Kesho yake alfajiri bibi alipandishwa basi. Alisafiri hadi usiku wa manane akiwa amefungwa kanga mbili kiunoni, na alipofika hospitali siku yake ya upasuaji ilikuwa imepita. Alingoja majuma matano mengine hadi alipopangiwa siku mpya. Ile tofauti ya muda wa saa moja na nusu na muda wa saa 19, ambayo hapo juu tuliigeuza mara tatu na mara 13, ilikuwa mwilini mwa mtu.

Tulizungumza na yule mvulana baadaye. Hakuwa mzembe. "Mwalimu," alituambia kwa sauti ya chini, "ilikuwa imeandikwa kumi na thelathini. Nami najua thelathini ni nusu." Tulilitazama daftari lake la hisabati. Lilikuwa na hesabu ya ndege iliyoondoka saa 1:15 na kutua saa 2:45, naye alikuwa amekokotoa kwa usahihi muda wa saa moja na nusu. Lilikuwa na alama ya vema kila ukurasa. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja ambapo mtu alimwuliza: saa hiyo 1:15 ni ya nani, yetu au ya tiketi?

Wanachuo wayatazame mambo matatu ambayo mtoto yule alipaswa kuyapata shuleni.

Kwanza, Waswahili huhesabu saa tangu mapambazuko, na tena tangu machweo. Ratiba za ndege huhesabu tangu usiku wa manane. Tofauti ni ya saa 6. Wazee wetu waliovaa saa za mishale walilimudu jambo hilo kwa ujanja mzuri: mshale mfupi ukielekea 10, wao waliisoma namba inayoikabili upande wa pili, yaani 4, wakasema saa nne. Lakini tarakimu za simu hazina upande wa pili. Mtoto wa leo huona 10:30 na husoma kumi na nusu. Chombo kimebadilika, na ujanja wa wazee haukurithiwa. Kwa hiyo shule ndiyo inayopaswa kujaza pengo.

Pili, katika lugha yetu maneno "saa mbili" hubeba maana mbili. "Ndege itaondoka saa mbili" ni wakati. "Ndege itachukua saa mbili" ni muda. Msomaji atakuwa ameona kwamba katika makala haya tumesema "muda wa saa moja na nusu" kila tulipokuwa na maana ya muda. Hatukufanya hivyo kwa kupenda maneno marefu. Mwalimu wa hisabati ni mwalimu wa lugha pia, na tungependa kila mwanachuo ajizoeshe kusema "muda wa saa" mbele ya darasa, na kuwadai wanafunzi wake waseme hivyo hivyo, hata kama wao wenyewe kwa wenyewe wanaelewana bila neno hilo.

Tatu, tiketi hubadili tarehe usiku wa manane. Ndege ya 00:30 ya tarehe 12 huondoka saa sita na nusu usiku, nayo msafiri hana budi awe uwanjani tangu jioni ya tarehe 11. Sisi husema "usiku wa kuamkia" tarehe 12, na msemo huo unafaa sana kufundishia. Asiyefundishwa atakwenda uwanjani jioni ya tarehe 12 na kukuta siku nzima imempita.

4. Jua na saa

Wanafunzi wadadisi huenda wakauliza kama jua la Mwanza na la Dar es Salaam huchomoza wakati mmoja. Mwalimu alifurahie swali hilo. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa muda wa saa 24, yaani nyuzi 1 kwa dakika 4. Kwa kuwa Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa nyuzi 6.4 hivi, jua huchelewa kufika huko kwa wastani wa dakika 25 na nusu hivi. Hata hivyo saa za miji yote miwili husomeka sawa, kwa sababu nchi nzima hufuata saa moja, iliyotangulia ile ya Greenwich kwa muda wa saa tatu. Ndiyo maana mtoto wa Mwanza aendaye shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi mara nyingi hukuta jua bado halijachomoza, ilhali mwenzake wa Dar es Salaam mara nyingi hutembea kukiwa kweupe. Jambo hili halihitaji kipindi kizima. Dakika chache zatosha kuonyesha kwamba saa ya ukutani ni mapatano ya watu, na kwamba mapatano hayana budi kujifunzwa.

5. Namna ya kufundisha

Tunapendekeza mada hii igawanywe katika vipindi vinne, kwa kuanzia jambo linalojulikana na kwenda kwenye jambo lisilojulikana.

Kipindi cha kwanza kiwe nje ya darasa. Wanafunzi wapime kwa hatua umbali kutoka shuleni hadi kisimani au sokoni, kwanza kwa kuifuata njia, kisha kwa kukata moja kwa moja pale panapowezekana. Wakirudi wawe na namba mbili na waeleze kwa nini zimetofautiana. Baada ya hapo ndipo ramani ifunguliwe, na uzi na rula vitumike kwa safari ya Mwanza na Dar es Salaam. Pasipo ramani ya kuchapwa, mwalimu achore yake kwenye gunia la saruji lililosafishwa.

Kipindi cha pili kiwe cha makadirio. Kabla ya hesabu yoyote kufanywa, kila mwanafunzi aandike jibu analolitazamia: je, ndege itatumia muda wa dakika, saa, au siku? Tumewahi kuona darasa zima likimpigia makofi mwenzao aliyezidisha mahali pa kugawanya na kupata kwamba ndege hufika Dar es Salaam baada ya muda wa saa zaidi ya 600,000. Mtoto aliyekwisha kukadiria hawezi kulipigia makofi jibu la namna hiyo, kwa kuwa anajua hata atembeaye kwa miguu angelikwisha kufika zamani.

Kipindi cha tatu kiwe cha saa. Zana yake ni rahisi: saa ya boksi yenye miduara miwili. Mduara wa nje uandikwe saa za tiketi, kuanzia 00 hadi 23, katika safu mbili. Mduara wa ndani uandikwe saa za Kiswahili. Wanafunzi wakiisha kuizoea zana hiyo waongozwe kuigundua kanuni: toa 6 kutoka saa ya tiketi, ikiwa saa ya tiketi ni ndogo kuliko 6, ongeza 6, na jibu likizidi 12, toa 12. Hivyo 07:00 ni saa moja asubuhi, 16:30 ni saa kumi na nusu jioni, 22:00 ni saa nne usiku, na 02:00 ni saa nane usiku. Zile mbili za 06:00 na 18:00 zitazamwe peke yake, kwa kuwa zote huwa saa kumi na mbili, moja ya asubuhi na nyingine ya jioni. Kanuni isitangulie zana. Mtoto akikariri kanuni bila kuiona kwenye mduara, ataisahau kabla ya likizo.

Kipindi cha nne kiwe cha igizo. Mwalimu aandike tiketi za bandia, moja kwa kila kundi, zenye saa na tarehe tofauti. Kundi moja liwe jamaa ya msafiri kijijini, jingine liwe wafanyakazi wa uwanja. Jamaa wapange siku nzima kwa kurudi nyuma: ndege inaondoka saa fulani, yatupasa kuwa uwanjani muda fulani kabla, gari latumia muda fulani, basi tuondoke nyumbani saa ngapi? Wakikosea, wafanyakazi wa uwanja wawarudishe nyumbani. Kuachwa na ndege ya karatasi hakumgharimu mtu senti, na somo lake hukaa.

Kwa tathmini, tunawasihi wanachuo waache kuuliza maswali ya kukokotoa peke yake. Swali moja kama hili lafaa kuliko kumi ya kawaida: "Tiketi ya babu imeandikwa 13:20. Mwandikie babu sentensi tatu za kumweleza aamke saa ngapi, aondoke saa ngapi, na atafika saa ngapi." Atakayelijibu swali hilo vema amejifunza umbali, muda, wastani, lugha, na adabu ya kumtumikia mkubwa, yote kwa pamoja.

Hitimisho

Wako watakaosema kwamba watoto wengi tunaowafundisha hawatapanda ndege, na kwamba yatosha wajue kanuni za mtihani. Hatukubaliani nao, kwa sababu mbili. Mosi, mtoto asiyepanda ndege ndiye mara nyingi anayeombwa kumsomea tiketi mtu mzima asiyejua kusoma. Katika vijiji vyetu mwanafunzi wa darasa la 6 ni karani wa ukoo mzima: husoma barua, husoma dawa, husoma ujumbe wa simu, na neno lake huaminiwa. Pili, saa za namna hiyo hazipo kwenye tiketi za ndege tu. Zipo kwenye tiketi za treni na za basi, na kwenye kila ujumbe wa miadi unaoingia katika simu.

Basi mwanachuo anayejiandaa kwenda mazoezini achague miji miwili, au vijiji viwili, vilivyo karibu na shule atakayopangiwa. Atafute umbali wake wa mstari ulionyooka na ule wa njia, aulize muda halisi wanaoutumia wenyeji, aandike ratiba ya gari liendalo huko kwa saa za namna zote mbili, na andalio la somo lake lianzie hapo. Safari ya Mwanza na Dar es Salaam itafuata kwa urahisi. Nasi tutakapokuja kuketi nyuma ya darasa lake, hatutatazama kwanza idadi ya alama za vema daftarini. Tutamwita mtoto mmoja, tutampa kipande cha karatasi chenye tarakimu 10:30, na kumwomba atuambie ndege inaondoka lini.